Wasomaji Wauliza: Kutwa Nzima Mgongoni mwa Mlima Wenye Ukungu

Asalaam aleikum. Tuko vijana sita wa Kisauni. Twataka siku moja ya kutembea kilele hadi kilele, si kupanda na kushuka tu. Kilimanjaro mfuko hauruhusu. Kuna pahali karibu?

Waaleikum salaam. Papo: milima ya Taita, upande wa Dawida juu ya Wundanyi. Ukitoka mjini kuelekea magharibi wakuta Wesu, kisha Iyale, kisha Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, mita 2,208. Ila msitarajie mgongo mmoja ulionyooka. Katikati kuna vijiji, mashamba na vipande vya msitu, kwa hivyo mtashuka na kupanda tena mara kadhaa. Mchukueni mwenyeji awaongoze, maana vijia vya mashambani havimo kwenye ramani ya simu. Kasigau, mita 1,641, ni mzuri lakini umesimama peke yake. Hauwafai kwa haja yenu.

Siku moja yatosha kwa kutembea, haitoshi kwa kwenda na kurudi Mombasa. Mkipanda treni ya asubuhi mkashuka Voi, kisha matatu kupitia Mwatate, mtafika Wundanyi jua limeshakuwa kali. Laleni huko, muanze saa kumi na mbili unusu alfajiri.

Muda hupigwa hesabu hivi: kilomita 5 kwa saa, kisha ongeza saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda, mkijumlisha vilima vyote vya njiani. Njia ya kilomita 15 yenye mita 900 za kupanda ni saa tatu, na moja unusu juu yake: nne unusu. Ongezeni nusu ya hiyo kwa mapumziko na utelezi, yawa karibu saa saba. Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye mzito, si wa aliye mwepesi.

Mwezi gani hauna ukungu? (Likoni)

Haupo. Ukungu ule watokana na bahari yetu hii hii. Upepo wa kusi hubeba unyevu kutoka baharini, ukavuka nyika tambarare, kisha ukakutana na milima. Hauna budi kupanda. Ukipanda hupoa, na unyevu ukawa matone. Januari na Februari ndiyo miezi yenye nafuu. Epukeni Aprili, Mei na Novemba, wakati wa mvua na radi. Juni hadi Agosti mvua kubwa ni chache, lakini ukungu wa manyunyu waweza kushinda kutwa. Siku za kawaida huinuka kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Na hata bila mvua utalowa, kwa sababu majani ya msituni huukamata ukungu na kuudondosha juu yako.

Ukungu ukitushukia juu kabisa, tutajuaje njia? Tuna simu na dira moja.

Hili ndilo swali lenyewe. Ukipanda, matawi yote ya mlima, yaani migongo midogo inayoteremka kutoka juu, hukutana kileleni. Ukiendelea kwenda juu utafika tu. Ukishuka, matawi yale yale hutawanyika, na hatua hamsini za mwanzo kila tawi lafanana na jingine. Hapo ndipo watu hupotea: wamekula, wamepiga picha, wamegeukageuka, kisha wakafuata kijia kilicho kipana. Kijia kipana huenda ni cha kuni au cha ng'ombe.

Basi mkifika kileleni, kabla hata ya kuvua mkoba, someni dira na mlaze fimbo chini, ncha yake ielekee mtakakotokea. Asiiguse mtu mpaka mwondoke. Kwenye Vuria kuna minara ya mawasiliano: sogeeni mbali na vyuma vile kabla ya kusoma, na msiishike dira karibu na simu, sindano itadanganya.

Wakati wa kuondoka, mmoja atangulie mpaka pale anapokaribia kupotea machoni, asimame. Mwenye dira amwambie asogee kulia au kushoto hadi awe kwenye mstari. Wengine wamfikie, kisha aende tena. Ni polepole, na yachosha roho, lakini hamtapotea.

Umbali pimeni kwa hatua. Kabla ya safari, tembea mita 100 zilizopimwa, ukihesabu mguu wa kulia tu. Wengi hupata kati ya 60 na 70. Mlimani zitazidi. Ikiwa ramani yasema mteremko ni mita 400 kisha njia yapanda, na nyinyi mmeshahesabu mita 500 bado mwashuka, simameni. Rudini kileleni. Msikate ubavuni kutafuta tawi la pili: huko kuna makorongo na vichaka, na tawi mtakaloliona si lazima liwe lenu.

Simu iwe imepakuliwa ramani, na mzime mtandao. Kuusaka mtandao humaliza chaji, ilhali simu hujua ilipo kwa setilaiti, bila mtandao.

Mimi na shoga zangu twavaa baibui. Tutaweza? Na tubebe nguo gani?

Mtaweza, dada. Upindo usifike chini ya kifundo, maana kwenye kushuka ndiko unakokanyagwa, na ndani iwe suruali nyepesi. Adui ni pamba: hulowa, haikauki, na hukunyonya joto. Jezi ya kandanda ya nailoni ni bora kuliko fulana. Kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6.5, hivyo Mombasa ikiwa 28, Vuria yaweza kuwa 14, bado hujahesabu upepo. Sweta la manyoya la mitumba kutoka Kongowea na koti la mvua vyatosha. Mwenzenu akianza kutetemeka na kukosa maneno, mshusheni upande usio na upepo, mmvue kilicholowa, mmpe tende na chai tamu.

Magoti yangu hulia nikishuka ngazi. (Changamwe)

Mazoezi ni ngazi hizo hizo. Ghorofa moja ni kama mita 3. Panda tano mara nane, umepata mita 120. Fanya mara tatu kwa wiki, wiki sita, na ushuke taratibu bila kuruka. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla, na viatu vipya usivivae siku hiyo kwa mara ya kwanza.