Shangazi alipopiga magoti mbele ya mtungi

Mhariri, wiki hii kwenye gazeti lenu mmeuliza kama mitungi ya Kwon Dae-sup, yule Mkorea wa kauri nyeupe zisizo na ua wala mstari, ni sanaa au ni kuwauzia matajiri ukimya. Mi ntajibu swali la pembeni kidogo: nani hasa anajua kuitazama hiyo mitungi?

Niseme mapema, niko upande wa waliokereka. Machi 2023 mtungi wa zamani wa aina hiyohiyo, wa karne ya 18, uliuzwa New York zaidi ya dola milioni 4.5. Mtungi! Nikasema hawa pesa zimewazidi.

Sasa shangazi yangu. Kazaliwa Ikombe, kule jirani na Matema, Ziwa Nyasa, kwa wafinyanzi wa Kikisi, na vyungu vyao mnavijua wenyewe. Alikuja London kumwona mjukuu, mvua haikatiki, nikampeleka British Museum maana kuingia ni bure. Kwenye chumba cha Korea kuna mtungi wa mwezi, ndivyo inavyoitwa hii mitungi myeupe ya mviringo, ule mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach aliununua Seoul mwaka 1935. Nikapiga picha nikasonga. Kugeuka, shangazi hayupo. Narudi namkuta kapiga magoti, mkoba sakafuni, jicho moja kalifumba kama anatunga uzi kwenye sindano, mlinzi anamwangalia na mimi natafuta pa kuficha uso.

"Shangazi inuka basi, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Njoo huku chini. Unaliona tumbo? Huyu kaunga."

Nikainama, na kweli bwana, katikati pamevimba kidogo, upande mmoja umelegea kuliko mwenzake. Akaniambia mtungi wa ukubwa ule ukiupandisha kwa mara moja unabomoka wenyewe, udongo mbichi hauna mfupa mwanangu, kwa hiyo kafinyanga bakuli mbili akazikutanisha mdomo kwa mdomo. "Na hajaficha," akasema. "Mimi ningeficha." Kisha akanyamaza, nadhani dakika ishirini zilipita, mi njaa inaniuma na sithubutu kusema. Mwishoni akauliza, wa maji au wa nafaka? Nikamwambia hapa ni wa kuangalia tu. Akaguna.

Usiku nikasoma, nikakuta ni vilevile, bakuli mbili, halafu motoni unalegea kidogo ndo maana hakuna mtungi wa mwezi ulio duara kamili. Kwon naye anaenda na njia hiyohiyo ya enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, tanuri la kuni za msonobari, na usiomridhisha anauvunja. Hapo kwenye kuvunja nilikaa kidogo, kwa sababu shangazi naye alikuwa anavunja, ila yeye bibi alikuwa anamchapa kwa kuharibu mali.

Basi mhariri, nilianza kuandika niseme ni utapeli, na sasa siwezi. Haya, ni sanaa. Bei bado ni wazimu, na simaanishi kila chungu kitupu, wapo wanaoacha bila pambo kwa sababu tu hawajui kuchora. Na nyie mmechapa mitungi kutoka mbele tu kama picha za pasipoti halafu mnatuuliza tunaonaje.

Ile picha yangu ya siku ile nimemtumia shangazi WhatsApp jana. Kajibu kwa voisi: mbona hapa mshono hauonekani?