Miezi saba ya kumkimbia msimamizi

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Niko mwaka wa tano wa uzamivu, sayansi ya kompyuta. Kila nikifungua sura ya nne naishia kufua nguo. Wewe ulimalizaje?"

Marahaba, dada. Mimi nilikuwa napiga deki. Nyumba yangu haijawahi kung'aa kama ile miezi saba ya mwaka wangu wa nne.

Wiki mbili zilizopita nimetetea tasnifu, nikapita kwa marekebisho madogo. (Naam, nimelisema hili kila mahali, hata kwa muuza chapati.) Habari za pendekezo la utafiti na semina za idara naziruka, hizo kila mtu anazivuka. Shughuli yenyewe inaanza ukishabaki wewe na matokeo yako.

Utafiti wangu ulihusu jinsi kompyuta inavyokata maneno ya Kiswahili. Mbinu inayotumika sana ilibuniwa 1994 kwa ajili ya kubana mafaili, ikaja kuingizwa kwenye tafsiri ya mashine 2016. Yenyewe inahesabu tu herufi zipi hukaa pamoja mara nyingi. Nafsi na njeo haivijui. Ukiipa "hawakutuandikia" inaweza kuikata popote, wakati sisi tunasikia ha-wa-ku-tu-andik-i-a bila hata kufikiri. Basi nikatengeneza mfumo unaokata kwa mofimu kwanza, kisha unatambua majina ya watu, mahali na taasisi kwenye habari nilizokusanya mwenyewe mtandaoni. Nikapata alama 91 kati ya 100. Siku hizo nilikuwa natembea idarani kama niliyeijenga.

Zimebaki siku mbili nitume makala kwenye mkutano, nikasema ngoja niujaribu kwenye MasakhaNER, ile seti ya data ya 2021 ya kupimia utambuzi wa majina, yenye lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Zikatoka alama sabini na kitu. Saa saba usiku nikafungua faili la kufundishia na la kupimia, nikazipanga habari kialfabeti, nikaziweka ubavu kwa ubavu. Habari ya ajali ya basi, neno kwa neno, ipo huku na huku. Ya chini yake pia. Tovuti zilikuwa zinanakiliana, nami nimezikusanya zote bila kuchuja. Mfumo wangu ulikuwa unafanya mtihani ulioshauona. Nikafuta marudio, nikafundisha upya: 78.

Makala sikutuma. Mikutano mingi ya fani yetu hufunga milango kwa saa za mahali pa mwisho duniani kumaliza siku, kwetu ikiwa saa nane na dakika 59 mchana wa kesho yake. Dakika hiyo nilikuwa nimekaa naitazama saa ya simu. Profesa, msimamizi wangu, alipouliza, nikamjibu, "Bado naboresha kidogo."

Kidogo hicho kikawa miezi saba. Nikiliona gari lake nazungukia mlango wa maktaba. Mama akipiga simu anauliza, "Mwanangu, hiyo shule ina mwisho?" Na kuna mwenzangu alisema mbele ya watu kwamba wengine tunalea tasnifu hadi itaota meno. Watu walicheka. Nimemsamehe, ila sijasahau alivyokuwa amevaa siku hiyo.

Profesa alikuja kunikuta kantini, akavuta kiti. "Niletee kilichokushinda. Vizuri vyako nimeshaviona." Nikafungua kompyuta palepale, mkono unatetemeka. Akasoma mpaka chai yake ikapoa. "Mbona hii ni sura nzima?" Ndiyo hiyo sura ya tano, jinsi habari zilizonakiliwa zinavyopandisha alama kwa uongo. Mtahini wa nje aliing'ang'ania kuliko zote.

Kwa hiyo ushauri wangu: kibaya kipeleke kwa msimamizi kikiwa bado cha moto. Pia chagua tarehe ya kufunga majaribio mapya, kisha ubaki kuandika tu, hata aya moja kwa siku. Kila jaribio lirudie kwa mbegu nasibu tofauti (namba inayoanzisha bahati nasibu za kompyuta), walau tano, maana utaulizwa kama hizo alama mbili ulizozidi si bahati tu. Na nimeshasema kibaya kipeleke? Kipeleke.

Tatizo letu, ndugu zangu, tunataka kuitwa daktari kabla hatujakubali kusahihishwa. Tunamuogopa msimamizi kama hakimu wakati yule mzee analipwa kusoma makosa yetu! Hata kiburi tunakiita ukamilifu. Mimi nilikiita hivyo miezi saba, na ada ikawa inaendelea kuhesabika.

Dada, nguo ziache kwenye beseni. Kesho kabla ya saa nne asubuhi mtumie msimamizi wako sura ya nne ilivyo, hata kama jedwali la pili bado lina mapengo, nawe uniandikie jibu lake.