Kabla ya kununua flashi: ushauri kwa anayejifunza mwanga wa picha za habari na picha za sura

Vijana wanaoingia katika kazi ya kupiga picha za habari hunijia na swali la flashi ya kununua, na wengi wao huondoka wamenuna kidogo, kwa sababu mimi huwataka kwanza waniambie mwanga wa chumba tulichomo unatoka upande gani na kivuli cha pua yangu kinaangukia wapi. Nimeifanya kazi hii Dar es Salaam na Zanzibar kwa muda wa kutosha kuamini kwamba asiyeweza kujibu swali hilo atabeba taa nyingi begani bila ya kuona tofauti kubwa katika picha zake.

Jambo la kwanza ninalolisisitiza ni kuwa picha ya habari na picha ya sura hutumia mwanga uleule, lakini haziutumii kwa ruhusa ileile. Katika habari anayehama ni mpigapicha. Tukio na watu wake huachwa kama walivyo. Katika picha ya sura mhusika amekubali kupigwa na anajua kwamba yuko mbele ya kamera, kwa hiyo unaweza kumhamisha yeye, kiti chake au taa yako.

Chukua mfano wa mkutano na waandishi wa habari, kazi ambayo hakuna mpigapicha anayeikwepa. Mara nyingi meza kuu huwekwa mbele ya madirisha, nasi hujazana katikati ya ukumbi, tukapata nyuso zilizozama kizani na madirisha yaliyoungua kwa weupe. Ukisogea pembeni kabisa, karibu na ukuta wenye madirisha, mwanga utakuwa ubavuni mwa msemaji, na kila anapogeuka kumjibu mwandishi aliye upande huo, nusu ya uso wake itaangaza na nusu nyingine itabaki na kivuli kinachoonyesha umbo. Projekta nayo ina vituko vyake: humwaga maandishi na rangi ya buluu juu ya paji la uso wa mzungumzaji. Hapo hakuna ufundi wa kuokoa picha; ngoja hatua moja atakayopiga kando ya mwanga huo, kwani karibu kila mzungumzaji huipiga.

Jua la pwani yetu lina ukali ambao mafunzo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya hayaujui. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena katika nusu ya kwanza ya Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu juu ya utosi. Macho hugeuka mashimo meusi, na kivuli cha pua hushuka hadi mdomoni. Saa za mwanga laini ni chache, asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu na jioni kabla ya saa kumi na mbili, na machweo yenyewe hayangoji mtu. Lakini habari hutokea saa saba mchana, hivyo inakupasa kujua mahali ambapo jua hilohilo limekwisha kulainishwa: chini ya kibaraza, kando ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, katika vichochoro vya Mji Mkongwe ambako ukuta wa upande mmoja huangaza upande wa pili.

Mahali ninapopapenda kuliko pote kwa picha ya sura ni mlangoni. Fundi cherehani akiketi ndani ya duka lake, mbali na mlango, anapotea gizani. Akiketi nje, jua linamfanya akunje uso. Mwombe asogeze cherehani hadi hatua moja tu ndani ya kizingiti, atazame barabarani, na mara moja utaona mwanga mpana unaotoka kwenye mchanga na ukuta wa mbele ukimjaa usoni, huku vitambaa vilivyotundikwa nyuma yake vikififia taratibu. Kama anashona kanzu nyeupe, iache palepale juu ya meza ya cherehani, kwa kuwa itarudisha mwanga chini ya kidevu na chini ya ukingo wa kofia, pale hasa ambapo kivuli husumbua. Kisha tazama macho yake: ukiona nukta ya mwanga ndani ya kila jicho, bonyeza; usipoiona, mwambie ainue uso kidogo.

Kuhusu ngozi nyeusi nitasema kwa kirefu, maana hapa ndipo vifaa vyenyewe vilipotuachia kazi. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi zetu zikachapishwa kama zilivyotokea. Kamera za leo ni bora zaidi, ila kipima mwanga bado hakijui kinamtazama nani. Hukadiria tu kwamba kila kilicho mbele yake kina ukijivu wa wastani. Mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe atatoka mweusi tititi, na yuleyule mbele ya mlango wenye giza atatoka amepauka. Dawa yake ni kupima uso peke yake, kwa kipimo cha nukta, yaani kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha, kisha kupunguza mwanga kama hatua moja (hatua moja ni kuupunguza mwanga hadi nusu) kwa ngozi nyeusi sana, nusu hatua kwa ngozi ya maji ya kunde. Usijaribu kuifanya ngozi iwe nyeupe. Umbo la uso mweusi huonekana zaidi kwa mng'ao unaotua kwenye paji, mashavu na ukingo wa pua, na mng'ao huo huwa mzuri mwanga unapotoka kwenye kitu kipana kama dirisha au shuka nyeupe. Taa ndogo isiyofunikwa huacha vidoa vikali vinavyofanana na jasho.

Anayetaka kuliona jambo hili bila ya kumchosha ndugu yake na aweke kinyago cha mpingo kando ya dirisha, akizungushe polepole, kisha akirudishe nyuma hatua kwa hatua. Mimi hufanya hivyo hadi leo ninapopata taa ngeni.

Sasa flashi. Siri yake kubwa ni kwamba huwaka kwa muda mfupi mno, kwa hiyo kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kujifunga, haiubadilishi mwanga wake, bali tundu la lenzi ndilo huubadilisha. Mwanga wa mazingira hutegemea vyote viwili. Akielewa sentensi hiyo, mwanafunzi amemaliza nusu ya somo. Usiku, mtaani, panga kwanza kamera kana kwamba huna flashi, tuseme ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) 1600, tundu la lenzi f/2.8 na shata ya sekunde 1/30, hadi taa za maduka na bajaji zionekane nyuma, kisha ongeza flashi kwa nguvu ndogo kwa ajili ya uso tu. Mchana kumbuka kikomo cha shata, yaani kasi kubwa kabisa inayoendana na flashi, ambacho kwa kamera nyingi ni sekunde 1/200 au 1/250. Ukikivuka kwa flashi ya kawaida, utepe mweusi utakata picha. Ndani ya nyumba ielekeze flashi kwenye dari nyeupe au ukuta ulio nyuma ya bega lako. Dari ikiwa ya kijani, watu wote wataonekana wagonjwa. Paa likiwa refu kama la kanisa, mwanga haurudi. Nimewahi kuuelekeza kwa mwenzangu aliyevaa shati jeupe, na ilitosha.

Rangi haihitaji maneno mengi. Flashi hukaribia mwanga wa mchana, takriban 5500 kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, na balbu za uzi hukaa karibu na 2700 hadi 3200. Weka karatasi angavu ya rangi ya chungwa mbele ya flashi ili viwili hivyo vipatane.

Umbali wa taa ni jambo zito zaidi. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali, yaani ukitoka mita 1 kwenda mita 2 hubaki robo. Safu ya mbele ya kikundi ikiwa mita 2 kutoka kwenye taa na ya nyuma mita 3, ya nyuma hupata chini ya nusu. Irudishe taa hadi mita 4, na safu ya nyuma, sasa mita 5, hupata kama asilimia 64. Kwa mtu mmoja fanya kinyume: ulete mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga wa taa karibu, kiasi cha nusu ya urefu wa mkono nje ya fremu, juu kidogo ya macho, upande mmoja, na kivuli kitalainika. Kwa upande wa pili wa uso, kile kifuniko cha fedha cha kuzuia jua kwenye kioo cha gari, kinachouzwa kwenye mataa, hurudisha mwanga vizuri sana.

Wanaodhani kuna ugomvi kati ya mwanga wa asili na flashi na wawatazame wapigapicha wawili wa Bamako, Mali. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga watu uani kwa mwanga wa jua, na Malick Sidibé, katika miaka ya 1960, aliibeba flashi hadi kwenye dansi za vijana usiku. Kila mmoja alitumia kilichohitajiwa na kazi yake.

Katika habari, mimi huzima flashi mahakamani, msibani ndani ya nyumba, wodini na mbele ya watu wanaosali, hata pale ambapo hakuna aliyenikataza. Na iwapo nimemwomba mtu asogee mlangoni ili nimpige vizuri, maelezo ya picha nitakayomtumia mhariri husema waziwazi kuwa mhusika alikaa kwa ajili ya kupigwa picha. Hapo mhariri ataiweka penye mahojiano, si kwenye ukurasa wa tukio.