Daktari wa familia: vyeti angalia, ila muulize na haya

Mkuu umeuliza ukichagua daktari wa familia uangalie nini maana wasifu wao unafanana, kila mmoja kaandika anatetea wagonjwa wake. Nakujibu kwa niliyoyaona nikimuuguza mama.

Vyeti ni muhimu, sikatai. Watu wanadhani daktari wa familia ni yule aliyekosa ubingwa, hapana, huu nao ni ubingwa, Marekani umetambuliwa tangu 1969 na mtu akimaliza chuo cha udaktari anasomea miaka 3 mingine, watoto, wazee, wajawazito, afya ya akili, vyote humo. Kwahiyo hakikisha kausomea na leseni yake iko hai.

Ila utetezi huwezi kuusoma kwenye wasifu. Mama alikuwa anatumia lisinoprili ya presha pamoja na dawa ya kutoa maji mwilini, zile za kukojosha, kapewa na daktari wa moyo. Magoti yakaanza kumsumbua, bingwa wa mifupa akamwandikia diklofenaki, dawa ya maumivu. Sasa hizo tatu zikikutana damu inayofika kwenye figo inapungua, figo zinaweza kuumia, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa. Daktari wetu wa familia ana kawaida ya kutaka dawa zote mezani hadi zile unazojinunulia dukani, alivyoziona tu akasimamisha diklofenaki, akaagiza kipimo cha figo (kweli zilikuwa zimeanza kuyumba, zikarudi vizuri baadae), halafu akampigia bingwa wa mifupa tukiwa palepale wakakubaliana dawa ya kupaka na mazoezi. Na mama ni wa kuitikia kila anachoambiwa na daktari, ila huyu alimgeukia yeye, sio mimi, akamuuliza wewe mama unataka nini, akasema anataka ainuke kitini bila kushikwa. Mazoezi yakapangwa kufuata hilo. Mi hapo ndo nilimkubali kabisa.

Kingine, akujue muda mrefu. Kuna utafiti wa Norway ulichapishwa 2022, waliokaa na daktari yuleyule zaidi ya miaka 15 uwezekano wao wa kufa ulikuwa pungufu kwa kama asilimia 25 kuliko waliokaa naye mwaka mmoja. Sisemi daktari peke yake ndo sababu, lakini mtu anayekujua haanzi sifuri kila ukiugua.

So ukienda muulize, nikilazwa utawasiliana na wodi? Bima ikikataa kipimo utaniandikia barua? Nikitaka maoni ya daktari mwingine je? Hili la mwisho msikilize vizuri anavyojibu, Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lile la haki za wagonjwa, linasema ni haki yako hatua yoyote ile, akikasirika ondoka tafuta mwingine. Na nenda sasa hivi ukiwa mzima, beba majibu ya vipimo vya zamani na dawa zako zote ili faili lianze kabla hujazidiwa.