Maswali na Majibu: Kusaka Vikasha Hadi Ziwa Ngosi

*Vijana wa kazini kwangu wanazungumzia mchezo wa jiokashi. Ni nini hasa, na je, ni lazima ninunue kifaa maalumu? (Msomaji, Mbagala)*

Mtu huficha kikasha kisichoingiza maji, chenye daftari dogo ndani, kisha huwatangazia wengine latitudo na longitudo ya mahali hapo. Anayekipata huandika jina lake na tarehe, na kukirudisha palepale alipokikuta. Mchezo huu ulianza katika jimbo la Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS (mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo) yanayotumiwa na raia, ndipo Dave Ulmer alipoficha ndoo porini na kutangaza mahali ilipo. Simu yako inatosha. GPS yenyewe haili bando, lakini ramani inakula, kwa hiyo ipakue ukiwa bado mjini.

*Tuna siku tano na gari dogo aina ya Toyota IST. Tunaweza kwenda Ziwa Ngosi, tukalala kwenye mahema na kucheza mchezo huo na watoto? (Baba wa watoto watatu, Kinyerezi)*

Mnaweza, mradi mkubali kwamba karibu siku nne zitaishia barabarani, kwa kuwa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kulala Iringa ni busara kuliko kujilazimisha kufika siku hiyohiyo. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi punguzeni mwendo, maana anayemgonga mnyama hutozwa faini. Mlima Kitonga hauna shida kubwa wakati wa kupanda. Shida ni siku ya kurudi, ambapo dereva anayetegemea breki badala ya gia ndogo huzipasha moto mpaka zinakataa kushika.

Ngosi ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, katika milima ya Poroto, linalosifiwa kufanana na ramani ya Afrika, na ukingo wake una kimo cha zaidi ya mita 2,600. Kutoka Uyole mnafuata barabara ya Tukuyu, kisha mnachepuka; mvua ikiwa imenyesha, acheni gari kijijini na mchukue mwenyeji wa kuwaongoza msituni. Kuteremka hadi majini ni kukali mno kwa watoto. Mimi niliishia ukingoni, nikitafuta kikasha ambacho mwenzangu alitangulia kukificha kwa majaribio: simu ilisema zimebaki mita sita, kisha kumi na nne, ilhali sikuwa nimesogea hata hatua moja, kwa sababu miti ilizuia mawimbi. Hatimaye nilikiona kwa macho, katikati ya mizizi miwili, daftari likiwa limelowa na penseli imevimba. Juni na Julai usiku wa huko ni wa baridi kali, wala kanga mbili hazitoshi.

*Shikamoo. Naruhusiwa kuacha korosho kama zawadi ndani ya kikasha? (Mwanafunzi, Temeke)*

Marahaba. Hapana, kanuni zinakataza chakula. Panya atatafuna korosho, mfuko na daftari. Acha kitufe, shanga au sarafu.

*Kuna ubaya gani kuficha kikasha chini ya daraja la kijiji tutakakopiga kambi? (Msomaji, Tabata)*

Jiweke mahali pa mwanakijiji anayemwona mgeni akiinama chini ya daraja na kuingiza kopo. Mwoneni kwanza mwenyekiti wa kijiji, mfungulieni kikasha aone kilichomo, na mkubali akisema hapana, kwani hata kanuni za mchezo zinadai ruhusa ya mwenye eneo.

*Nimesikia kuna hazina ya Wajerumani katika Ziwa Masoko, Rungwe. Tuipitie? (Msomaji, Kigamboni)*

Pitieni kwa ajili ya ziwa lenyewe. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitupa humo fedha na silaha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini msizamie kwa ajili ya simulizi hiyo, kwani ni ziwa la kreta lenye kina kirefu. Masimulizi yake mtayapata bila kulowa, mkikaa na wazee pale ukingoni.