Kabla hujaikabidhi GPU kurasa zako

Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na wenzangu wachache waliokuwa wanatengeneza brauza nyepesi ya Android kwa ajili ya simu zenye RAM ya GB 1. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: uchoraji wa kurasa utoke kwenye prosesa uhamie kwenye GPU, chipu ya michoro. Nilijua hainichukui wiki mbili. Android yenyewe ilikuwa inachora kwa GPU tangu toleo la 3.0 la mwaka 2011, na kuanzia 4.0 programu zinazolenga API ya 14 (namba ya toleo hilo kwa watengenezaji) kwenda juu zinapata huduma hiyo bila hata kuiomba.

Nikaichukua picha ya ukurasa iliyokwisha kuchorwa na prosesa, nikaipandisha kwenye GPU kama tekscha, yaani picha iliyo tayari kubandikwa, GPU ikaionesha. Kwenye simu yangu mambo yakawa safi. Kwenye simu ya kupimia, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, ukurasa ukawa unakwama kuliko hata mwanzo.

Nilielewa nilipokaa chini na kupiga hesabu. Skrini ya pikseli 720 kwa 1280, kila pikseli baiti 4, ni karibu MB 3.7. Mzigo wote huo nilikuwa naupandisha kila fremu, yaani kila skrini inapooneshwa upya. Kwa fremu 60, hizo ni zaidi ya MB 220 kila sekunde, na kila fremu ina milisekunde 16 na ushee tu, ambamo prosesa nayo lazima iwe imemaliza kuchora. Kazi ya zamani ilibaki palepale, nikaiongezea safari.

Kwa hiyo kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili: tenganisha kuchora na kupanga. Kuchora ni kugeuza herufi, mistari na picha kuwa pikseli. Kupanga ni kuziweka pikseli zilizokwisha kuiva mahali pake kwenye skrini. Mtu anapovuta ukurasa kwa kidole, hakuna herufi iliyobadilika, kilichobadilika ni mahali ilipo. Ukate ukurasa vigae vya pikseli 256 kwa 256. Kigae kimoja ni KB 256, na skrini ile inahitaji vigae 15, au 18 ukurasa ukisimama katikati ya kigae. Weka na safu moja au mbili za akiba juu na chini. Hapo kidole kikivuta, GPU inasogeza vigae ilivyonavyo tayari, na unachopandisha ni vile vipya vinavyoingia tu. Kishale kikiwakawaka kwenye kisanduku cha kutafutia, unachora upya kigae kimoja, basi.

Upangaji uupe thredi yake, yaani njia yake ya kazi isiyosubiri kazi nyingine. JavaScript ya ukurasa inaweza kushikwa na kazi nusu sekunde nzima, na muda huo wote mtumiaji anapaswa kuendelea kuvuta bila kuhisi kitu. Akivuta kwa kasi sana ataona sehemu tupu ambayo haijachorwa; ipake rangi ya usuli wa ukurasa. Sisi mwanzoni tuliiacha nyeusi, na watu wakadhani simu zao zimeharibika skrini. Ilinisikitisha kweli, kwa sababu wengi wao hawana simu ya pili.

Kumbukumbu ndiyo itakayokusumbua baada ya hapo. Kuna kurasa zinazoweka will-change: transform (agizo la CSS linaloiambia brauza kitu hiki kitasogea) kwenye kila kadi, na kila kadi inadai tabaka lake, yaani picha yake ya peke yake kwenye kumbukumbu. Usizikubalie zote. Panga kikomo cha kumbukumbu, kikifika, matabaka yaliyo mbali na macho yaunganishwe au yaachiliwe. Ukipuuza hili, Android itaifunga brauza yako mtu akiwa katikati ya kujaza fomu.

Sasa niwasimulie tatizo lililonila siku nyingi kuliko yote. Mtumiaji akishuka chini sana kwenye habari ndefu, herufi zilianza kutetemeka, kama maandishi unayoyatazama chini ya maji. Juu ya ukurasa yalitulia. Kwenye emuleta, simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, yalitulia kote. Kumbe OpenGL ES 2.0, kiwango ambacho programu hutumia kuiagiza GPU ya simu, hailazimishi sheda ya pikseli (programu ndogo ya GPU inayohesabu rangi ya kila pikseli) iwe na highp, yaani hesabu za usahihi wa juu, na chipu nyingi za bei nafuu za wakati ule zilikuwa zinahesabu hapo kwa biti 16. Kwa biti hizo, ukivuka 1024 unapoteza nusu zote, ukivuka 2048 unahesabu mbilimbili, na kwenye pikseli ya 9000 hatua moja ni pikseli 8. Nami nilikuwa naipa sheda mahali kwa kuhesabu kutoka juu kabisa ya ukurasa! Dawa yake ilikuwa mistari michache: hesabu kubwa zifanyike kwenye sheda ya vipeo (ile inayohesabu mahali pa pembe za kigae), ambako highp ni lazima, na sheda ya pikseli ipokee namba ya ndani ya kigae tu, kati ya 0 na 1. Herufi zikatulia. Emuleta isingenionesha hilo milele, kwa hiyo nunua simu ya bei ya chini ambayo watumiaji wako wanayo, uiweke mezani tangu siku ya kwanza.

Uchoraji wa GPU usiuwashe kwa kila mtu siku moja. Mozilla walipoanza kusambaza WebRender, mfumo wao wa kuchora kurasa kwa GPU, ndani ya Firefox mwaka 2019, walianza na sehemu ndogo ya watumiaji wa Windows 10 wenye kadi za NVIDIA, wakaongeza polepole. Kama wao walienda hatua kwa hatua, timu ya watu wanne ina haraka gani?

Na njia ya zamani ya prosesa usiifute. Kuna draiva (programu zinazoiendesha GPU) zinazoangusha programu nzima kabla hujapata nafasi ya kukamata kosa. Sisi tulifanya hivi: kabla ya kuiamsha GPU, brauza inaandika faili dogo kwenye simu; fremu kumi za mwanzo zikipita salama, inalifuta. Ikifunguliwa tena na kulikuta faili lile bado lipo, inajua jana ilianguka hapo, na inachora kwa prosesa bila kumuuliza mtu chochote.