Binti yetu wa mosi Januari

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama tuzo ya chipukizi bora wa AFLW, ligi ya wanawake ya mpira wa Kiaustralia, inawatia mabinti moyo au inawatwisha mzigo wakiwa bado wadogo. Mimi limenigusa pengine: ni nani anayeruhusiwa kuitwa chipukizi?

Masharti ni mawili. Mchezaji awe hajatimiza miaka 21 mwaka unapoanza, na awe hajavuka mechi 10 za ligi. La mechi sina neno nalo. La umri ndilo linaloniuma. Akec Makur Chuot, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kabla ya kuhamia Perth, Australia, aliichezea klabu ya Fremantle ligi ilipoanza 2017. Alikuwa mgeni kabisa kwenye ligi, ila miaka 21 ilishampita.

Binti wa marehemu dada yangu naye katoka Kakuma. Jumamosi moja ya mvua, mwezi wa Juni, nilimpeleka kujiandikisha timu ya mtaa hapa Perth. Alivaa viatu vya kaka yake, vimejazwa soksi kwa mbele. Chini ya turubai mama mmoja akamwuliza tarehe ya kuzaliwa. "Mosi Januari." Nyuma yetu alisimama binti wa Sudan Kusini, naye zamu yake ilipofika akasema mosi Januari. Wakatazamana. Tuliopita kambini tunajua tarehe hiyo inakotoka: afisa anakadiria mwaka, siku anaandika ya kwanza.

Mazoezini kila alipouachia ule mpira wenye umbo la yai ulimgonga goti. Kocha akamshika mikono, akamwonyesha kuudondosha ncha ikitazama chini, ukutane na mguu kabla ya kugusa nyasi. Labda ule wa thelathini ndio uliopaa, ukizunguka kinyumenyume, na mtoto akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Garini, tope hadi magotini, akaniuliza, "Mama mdogo, hivi mimi nina miaka mingapi hasa?" Nikamwambia dada alijifungua masika yakianza, mwishoni mwa Machi. Mwaka sikuwa na hakika, nikasema tuuchukue wa kwenye karatasi. Hakuuliza tena, na mpaka leo jibu lile linanikaa rohoni.

Nilianza barua hii nikitaka kikomo cha umri kifutwe. Sasa nimemkumbuka Erin Phillips, aliyetoka mpira wa kikapu akiwa na miaka 31, akawa mchezaji bora wa ligi nzima msimu ule wa 2017. Bila kikomo angeibeba na tuzo hii ya chipukizi, na Ebony Marinoff wa miaka 19, chipukizi wa kwanza kuishinda, angetoka mikono mitupu. Marinoff huyohuyo 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Isabel Huntington naye aliumia goti 2018, akakosa 2019 yote, akaichukua 2020. Wasichana wa umri huo wanahitaji mahali pao.

Basi kikomo kibaki. Walau kwa sasa, na iwapo mwenye karatasi ya mosi Januari atasikilizwa kabla ya jina lake kukatwa. Binti yetu hajafika ligi hiyo, na huenda asifike. Kwa karatasi anatimiza 21 Januari ijayo. Kwa masika ya mama yake, bado ana karibu miezi mitatu.

Msomaji, Perth